Je, tukitumia kapasita ya maikrowevu msumari utaruka mbali zaidi?

*"Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha tano, mchepuo wa PCM. Mimi na mwenzangu tunatengeneza 'bunduki ya sumaku' kwa ajili ya maonesho ya sayansi ya shule. Tumesuka koili ya mizunguko kama 900 juu ya mrija wa plastiki wa milimita 10. Koili ina urefu wa sentimita 4, waya ni wa shaba wa nusu milimita tulioupata kwa fundi anayesuka mota. Tuna kapasita mbili za mikrofaradi 220, volti 400, za televisheni mbovu. Tumeziunga sambamba na tunazichaji kwa sakiti ya flashi ya kamera mpaka mita isome volti 310. Tunafyatua kwa swichi ya taa ya ukutani. Msumari una gramu 2. Tunauweka ukiwa nusu umeingia, unaruka kutoka mezani (meza ina sentimita 75 kwenda juu) na kuanguka kama mita 2 mbele. Siku moja ulitoka kwa nyuma. Tukageuza nyaya za koili tukidhani utageuka, haukugeuka. Swichi imeganda mara mbili. Jamaa mmoja anayetengeneza redio anasema tuongeze mizunguko, au tuchukue kapasita na transfoma ya maikrowevu, tutatoboa kopo. Tena wiki iliyopita asubuhi nilishika miguu ya kapasita, tulikuwa tumezima tangu jioni ya jana yake, ikanitupa. Kidole cha shahada bado kina ganzi. Mwalimu wetu wa fizikia hajui habari hii. Je, maikrowevu ni njia sahihi? Na kipande cha alumini kinaweza kurushwa badala ya msumari?"*

Marahaba kijana wangu. Umeandika vizuri sana. Wengi huniandikia "mwalimu haifanyi kazi" na kuishia hapo, wewe umenipa vipimo, na kwa vipimo hivyo naweza kukuambia kitu cha maana.

Ila tuanze na kidole. Wiki nzima imepita na bado kina ganzi, hilo si jambo la kusubiri lipoe lenyewe. Nenda kituo cha afya wiki hii, useme wazi kwamba ulipigwa na umeme wa volti mia tatu za kapasita, usiseme "niliumia tu shuleni". Umeme ukiingia mwilini hupita ndani, kwenye neva na misuli, na ngozi ya juu inaweza kuonyesha kidoa kidogo tu huku chini kumeungua. Na kama tangu siku ile umewahi kusikia moyo unadunda ovyo, maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzimia, basi usingoje wiki iishe, nenda leo. Wataangalia mapigo ya moyo kwa kipimo, ni kazi ya dakika chache.

La pili: maikrowevu, hapana. Sisemi hapana ya wazee wanaoogopa kila kitu. Naisema kwa hesabu, na hesabu yenyewe unaijua.

Nishati iliyomo kwenye kapasita, yaani kifaa kinachotunza chaji ya umeme, ni nusu ya uwezo wake ukizidisha na volti kipeo cha pili. Kapasita zako mbili sambamba ni mikrofaradi 440. Kwa volti 310, unapata jouli 21 hivi. Sasa chukua kapasita ya maikrowevu. Ina takriban mikrofaradi 1 tu. Hata ukiichaji mpaka volti 2,800, utapata karibu jouli 4. Yaani jamaa yako anakushauri uache jouli 21 ulizonazo uende kuchukua jouli 4, na katika safari hiyo upite kwenye transfoma inayotoa volti kama 2,000 na mkondo wa kutosha kuua mtu bila kumpa nafasi ya kupiga kelele. Mafundi waliozoea vyombo hivyo wanaiheshimu transfoma ya maikrowevu kuliko kitu kingine chochote mezani. Breka ya nyumbani haitakuokoa, kwa sababu umeme unaopita mwilini mwako unatoka upande wa pili wa transfoma. Kwa breka, huo unaonekana kama mzigo wa kawaida tu wa mtu anayepasha ugali.

Kwa hiyo ungehatarisha maisha ili upate mrusho dhaifu kuliko ulio nao. Jamaa yako amechanganya vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya: volti na nishati. Volti ndiyo inayoamua kama umeme utapenya ngozi yako. Msumari kazi yake ni nishati, na zaidi ya nishati, wakati ambao nishati hiyo inafika. Hapo kwenye wakati ndipo mradi wenu ulipokwama.

Hebu tupime kwanza msumari wenu una kasi gani. Huhitaji chombo chochote, futi ya fundi cherehani inatosha. Kitu kinachotoka mezani kwa ulalo huanguka kwa muda uleule kama kilichoachiwa tu kidondoke. Kutoka sentimita 75 ni sekunde 0.39. Katika muda huo msumari wenu ulikwenda mita 2 mbele, basi kasi yake ni kama mita 5 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia kuwahi daladala. Nishati ya mwendo ya gramu 2 kwa kasi hiyo ni jouli 0.026. Mmeweka jouli 21, msumari umepata 0.026. Katika kila jouli elfu moja, msumari umeambulia moja na ushee.

Usione aibu. Virushio vya koili moja vinavyotengenezwa majumbani kwa kawaida hutoa asilimia 1 au 2, na aliyefika hapo hujipongeza. Lakini nyinyi mpo kwenye sehemu ya kumi ya hapo. Mkifika asilimia 1 tu kwa jouli hizihizi mlizonazo, msumari utatoka kwa mita 14 hivi kwa sekunde na kuanguka karibu mita 5 na nusu kutoka mezani. Kwa hiyo nafasi ya kuongeza ipo kubwa, bila kuongeza hata volti moja.

Sasa twende ndani ya koili. Watu wengi hudhani umeme "unasukuma" msumari kama upepo unavyosukuma tanga. Hakuna kinachosukumwa. Mkondo ukipita kwenye koili, koili inakuwa sumaku, na msumari wa chuma ukiwa karibu nayo unageuka sumaku kwa muda na kuvutwa kwenda palipo na nguvu zaidi, yaani katikati ya koili. Ukigeuza nyaya, ncha za koili zinabadilishana kaskazini na kusini, lakini na msumari nao unabadilika papo hapo kuifuata. Mvuto unabaki uleule. Ndiyo maana mligeuza na hakuna kilichogeuka.

Msumari haujui mbele wala nyuma. Unajua katikati tu. Siku ile ulipotoka kwa nyuma, nina hakika mlikuwa mmeuingiza mno, katikati ya msumari ikawa imevuka katikati ya koili. Ukavutwa kurudi, ukapita, ukatokea upande wenu. Tafadhali kumbuka hilo kila mnaposimama nyuma ya mrija mkidhani nyuma ndiko salama.

Fikiria mtu amekufunga kamba kiunoni, amesimama mbele yako, anakuvuta kwa nguvu zake zote. Unakwenda mbio kumwelekea. Sasa unampita. Kama hajaiachia kamba, ile kamba iliyokupa mbio ndiyo itakayokurudisha. Koili ni huyo mtu. Mkondo ukiwa bado unapita wakati msumari umeshavuka katikati, koili inaunyang'anya kasi iliyoupa yenyewe. Wakati mwingine inaukwamisha kabisa ukabaki unacheza ndani ya mrija.

Mizunguko 900 inaingia hapa. Aliyewaambia mizunguko mingi ndiyo nguvu hakudanganya, alisema nusu ya habari. Mizunguko ikiongezeka, uga sumaku unaongezeka kwa kila ampea, hiyo kweli. Lakini koili yenye mizunguko mingi ni mvivu: mkondo unachelewa kupanda na unachelewa kushuka, na uvivu huo unakua kwa kipeo cha pili cha idadi ya mizunguko. Zidisha mizunguko mara mbili, uvivu unakuwa mara nne. Tena waya unakuwa mrefu. Wenu, kwa makadirio yangu, umefika mita 45 na ushee, ukinzani wake ni omu 4 hivi, na humo ndimo sehemu kubwa ya jouli zenu zinakoishia, zinapasha shaba joto.

Kwa vipimo mlivyonipa nakadiria mkondo unapanda hadi karibu ampea 50 ndani ya milisekunde moja na nusu, kisha unashuka polepole na kuisha kwenye milisekunde ya tano au ya sita. Msumari nao, ukianza nusu ndani, unafika katikati kabla ya hapo. Muda uliobaki wote ni kamba inayovuta nyuma. Ongezeni mizunguko kama mlivyoshauriwa, tuseme iwe 1,500, mtaona msumari unazidi kuwa mzito kutoka, na mtadhani volti hazitoshi.

Kuna na ukuta mwingine ambao volti haziuvuki. Chuma kina kiwango chake cha kushiba sumaku, karibu tesla 2. Kabla ya hapo, ukiongeza mkondo mara mbili mvuto unakaribia kuwa mara nne, kwa sababu koili na msumari vyote vinaongezeka nguvu. Chuma kikishashiba, msumari hauongezi tena mchango wake, unalipia mkondo mwingi kwa faida ndogo. Nyinyi, kwa hizo ampea 50, mmeshaufikia ukuta huo.

Niwape na sababu ya swichi kuganda, maana hilo nalo ni somo. Kapasita si betri. Betri ni bomba linalotiririka, kapasita ni ndoo unayoimwaga kwa mkupuo. Jouli 20 zikimwagwa kwa milisekunde 5 ni kilowati 4, kama pasi nne za umeme zimewashwa pamoja, ingawa kwa kupepesa jicho tu. Vijipande vya shaba ndani ya swichi ya taa hudundadunda vinapokutana, na katika kila mdundo cheche inayeyusha kidogo. Mwisho vinachomeleana. Swichi iliyoganda ina maana kwamba hamna tena uwezo wa kukata. Watengenezaji hutumia thairista, kifaa kisicho na kitu kinachosogea: ukikipa ishara ndogo kinapitisha mkondo, na hakiachi mpaka mkondo uishe wenyewe.

Nisimame kidogo hapa niwasimulie, kwa sababu wazo lenu lina umri mkubwa kuliko mnavyodhani. Mwaka 1901 mwanasayansi wa Norway, Kristian Birkeland, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza mianga ya anga za kaskazini, alichukua hataza ya mzinga wa koili. Chombo chake cha kwanza kilirusha chuma cha gramu 500 kwa mita 50 kwa sekunde. Pigeni hesabu: jouli 625 za mwendo, na hapo ni zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wakati hakuna thairista wala mita ya kidijitali. Tarehe 6 Machi 1903 akauonyesha mzinga mkubwa zaidi katika ukumbi wa chuo kikuu mjini Kristiania, ambao leo unaitwa Oslo, mbele ya waheshimiwa waliojaa viti. Ikapiga shoti. Mlio, mwanga mkali, ukumbi ukataharuki. Biashara ya mizinga ikafia palepale.

Lakini Birkeland alikuwa mtu wa kuangalia kilichotokea, hata kama si alichokitaka. Tao la umeme, yaani cheche inayoendelea kuwaka hewani, likiwa ndani ya uga sumaku hutanuka na kuwa sahani ya moto. Mwaka huohuo 1903 yeye na mhandisi Sam Eyde wakaanza kutumia tao la namna hiyo kuunguza hewa ili kupata naitrojeni ya mbolea. Mwaka 1905 ikazaliwa kampuni ya Norsk Hydro, na tawi lake la mbolea ndilo baadaye likajitenga na kuitwa Yara. Mkipita duka la pembejeo mkaona mifuko ya Yara, mjue ukoo wake unagusa koili iliyopiga shoti. Ningekuwa nyinyi, ningeliweka hilo kwenye bango la maonesho.

Kuhusu kutoboa kopo, najua vijana mnaangalia video za mizinga ya reli ya jeshi. Ule ni mtambo mwingine. Hauna koili, una reli mbili, na mkondo unapita kwenye risasi yenyewe kutoka reli moja kwenda nyingine. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilifyatua mmoja kwa megajouli 33 kule Dahlgren, Virginia, mwezi Desemba 2010. Baada ya kazi ya miaka mingi na pesa zisizohesabika na mtu kama mimi, mwaka 2021 wakausimamisha. Moja ya mambo yaliyowatesa ni reli kulika kwa joto na msuguano. Nawaambia hivi msije mkadhani kuna siri ndogo ya fundi redio inayowatenganisha nyinyi na wao.

Turudi mezani kwenu. Nini kifanyike?

Kwa dhati ya moyo wangu ningewashauri muache volti 310 kabisa, na si kwa kuvunja mradi. Tafuteni kapasita mbili za mikrofaradi 10,000 zenye uwezo wa volti 63, zile nene zinazokaa kwenye amplifaya za zamani. Mkizichaji volti 45 tu mnapata jouli 20. Ni nishati ileile mliyo nayo sasa! Tofauti ni kwamba volti 45 za mkondo mnyoofu kwenye mikono mikavu hazina nguvu ya kupenya ngozi kama volti 310. Bado zina hatari yake: bisbisi ikigusa miguu miwili itayeyuka ncha, na pete kidoleni ikiunganisha njia hiyo itaunguza kidole, kwa hiyo vueni pete, saa na bangili. Lakini hatari ya kuungua ncha ya kidole na hatari ya moyo kusimama si ndugu.

Volti zikishuka, koili lazima ibadilike. Waya mnene zaidi, milimita 1, na mizunguko 100 hadi 150 ya kuanzia. Fundi wenu wa mota atakuwa nao. Sisemi hiyo ndiyo idadi sahihi, kwa sababu idadi sahihi mtaipata kwa kupima, na sitaki kuwaibia mradi.

Njia ya pili ni kubaki na kapasita za volti 400 mbele ya mtu mwenye ujuzi, mwalimu wa umeme wa chuo cha ufundi kwa mfano, akisimama nanyi kila mnapochaji. Inawezekana. Faida yake ni kwamba vifaa mnavyo tayari na mkondo wa koili ni mdogo, rahisi kuudhibiti. Hasara yake mmeshaionja kidoleni. Kwa maonesho yenye wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaopenda kugusa kila kitu, mimi singeileta.

Na kama muda ni mfupi, ipo njia isiyo na umeme hata kidogo: mfereji wa rula ya plastiki, sumaku kali ya neodimi na golori za chuma. Golori moja ikigonga sumaku taratibu, ya mwisho upande wa pili inachomoka kwa kasi ya kushangaza. Ni fizikia nzuri, inaonyesha nishati ya sumaku ikigeuka mwendo. Haina mvuto wa jina kama koili, hilo nalikubali. Sumaku hizo zisiachwe karibu na watoto wadogo, mbili zikimezwa zinabana utumbo.

Mkichagua yoyote kati ya zile njia mbili za koili, jambo la kwanza la kubadilisha ni mahali msumari unapoanzia, mizunguko baadaye. Chorea mrija alama kila milimita 5, kuanzia msumari ukiwa nje kabisa ya mdomo wa koili hadi ukiwa nusu ndani. Rusheni mara tano kwa kila alama, pimeni umbali, chukueni wastani. Mtaona umbali unapanda, unafika kilele, unashuka. Kilele ndipo msumari unapofika katikati wakati mkondo umekaribia kuisha. Kisha punguzeni mizunguko, mrudie. Kilele kitahama. Grafu hizo mbili zikiwa ukutani, jaji yeyote mwenye akili atasimama hapo, kwa sababu zinaonyesha mmeelewa kinachotokea ndani ya muda mfupi kuliko mlio wa kidole. Kopo lililotobolewa halionyeshi kitu.

Sasa kilichokupiga asubuhi ile. Kapasita haijui kwamba mmezima. Hizi za elektroliti hushika chaji kwa saa nyingi, na zina tabia nyingine mbaya: hata ukiimaliza chaji yake kwa kugusanisha miguu, baada ya muda volti kadhaa hujirudia zenyewe, kwa sababu kemikali ya ndani haikuachilia yote mara moja. Mimi mwenyewe nikiwa kijana karakanani nilitupwa ukutani na televisheni ya kioo kikubwa iliyokuwa imechomolewa tangu adhuhuri. Fundi mkuu hakunipa pole, alinipa rezista, kile kipande cha ukinzani kinachopitisha mkondo kidogo kidogo. Kwenye kapasita zenu ingepaswa kuwepo rezista ya kiloomu 100, wati 2, imeungwa moja kwa moja kati ya miguu na haitolewi kamwe. Inakula chaji yote kwa dakika 4 hivi hata mkisahau. Hata hivyo mita kwanza, kidole baadaye, kila mara. Kwa sasa msiziguse tena; mwalimu au fundi azimalize chaji na azifunge miguu pamoja kwa waya.

Na msije mkageuza nyaya kwenye kapasita kama mlivyogeuza kwenye koili. Koili haijali. Elektroliti ikipewa umeme kinyume hutoa gesi, huvimba, na hupasuka kwa kishindo na kurusha maji ya moto. Mkondo wa koili ukiyumba kurudi nyuma mwishoni unaweza kuifanyia hivyo bila nyinyi kugusa chochote, ndiyo maana huwekwa dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ya kuilinda. Ila dayodi hiyo nayo hurefusha mkondo kwenye koili, na mnajua sasa mkondo mrefu unafanya nini. Fundi huweka rezista ndogo mfululizo nayo na kutafuta wastani. Hakuna cha bure hapa.

Lipo jina pia. Acheni kuuita bunduki. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na wenzetu wa Kenya wana sheria yao ya silaha, na kukosa baruti hakukufanyi uwe nje ya macho ya sheria ukiwa na mrija unaorusha chuma kwa nguvu ya kujeruhi. Uiteni kirushio cha sumaku. Kateni ncha ya msumari iwe butu, mrija uelekee daima kwenye sanduku lililojazwa matambara, miwani ya kukinga macho kwa wote, na asisimame mtu mbele wala nyuma. Msumari ukienda mita 5 kwa sekunde hauui mtu, lakini jicho halihitaji zaidi ya hapo.

Mwalimu wenu wa fizikia ajue, tena kabla ya Ijumaa. Najua mnaogopa atawafungia mradi. Mpelekeeni hesabu hii ya jouli 21 na 0.026, na mpango wa volti 45. Mwalimu akiletewa tatizo peke yake hufunga mlango, akiletewa tatizo na hesabu yake huvuta kiti. Na kama hamna vifaa vya kupima, aombe siku moja katika karakana ya chuo cha ufundi kilicho karibu.

Umeuliza pia habari ya alumini. Haivutwi na sumaku, kwa hiyo ndani ya koili yenu itakaa kama jiwe au itasogea kidogo tu. Lakini alumini ina njia yake. Uga sumaku ukibadilika kwa haraka, unaamsha mkondo ndani ya alumini yenyewe, na mkondo huo unapingana na uliouamsha. Hapo alumini inasukumwa, haivutwi. Mmarekani Elihu Thomson alilionyesha hilo katika miaka ya 1880 kwa pete iliyoruka juu kutoka kwenye koili yenye nondo ya chuma katikati. Mwalimu wenu akiwa na transfoma ya maabara ya volti ndogo za mkondo geu mnaweza kuijaribu, kwa sekunde chache tu kila mara maana koili hupata moto upesi. Pete isiporuka itatetemeka na kupata joto, hata hivyo inaonyesha jambo. Kisha chukueni pete ya pili iliyo sawa kabisa, muikate kwa msumeno sehemu moja tu, muiweke palepale. Haitajitikisa. Waulizeni watazamaji kwa nini kabla hamjawajibu.